Shahidi wa Kichwa Chake

Mchezaji huangushwa, akainuka, akapangusa magoti na kusema: “Sijambo.” Neno hili kwa Waswahili ni adabu kabla ya kuwa habari, hata mgonjwa aliyelala kitandani hulitanguliza, ndipo aeleze yanayomsibu. Lakini katika raga, mchezo ambao mtu humkaba mwenziwe kwa kiwiliwili chote akambwaga chini, neno hilo huwa na uzito mwingine. Je, ni haki kulipokea kwa aliyegongwa kichwa?

Aliyeteguka mguu huupima mguu wake kwa akili iliyo salama. Aliyetikisika ubongo hana mizani hiyo, kwani kilichojeruhiwa ndicho kinachotakiwa kutoa ushahidi. Tena jeraha lenyewe halina damu. Aghalabu majeruhi hapotezi fahamu, wala picha za kawaida za hospitali hazionyeshi kitu. Zilizopo ni dalili za kuvizia: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kuchukia mwanga, kuyumba, kuduwaa, kusahau ni nani aliyefunga mara ya mwisho, au kughadhibika pasipo sababu. Nyingine hazijitokezi ila baada ya saa kadhaa, mwenyewe akiwa amekwisharudi nyumbani.

Mwezi wa Mei 2013, katika mji wa Ottawa, Kanada, alifariki Rowan Stringer, msichana wa miaka 17, nahodha wa timu ya raga ya shule yake. Katika muda wa siku 6 aligongwa kichwa zaidi ya mara moja, na pigo la mwisho lilimwangukia kabla ubongo haujapona. Uchunguzi wa kifo chake, mwaka 2015, ulidhihirisha jambo zito: alikuwa ameshuku hali yake, akaitafuta maana ya dalili zake katika intaneti, na akawadokezea rafiki zake. Kisha akaingia uwanjani.

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hiyo humlaumu mgonjwa peke yake. Lakini hapa maradhi hayakufichwa kabisa. Yalikuwa siri ya vijana, na vijana hulelewa kuamini kwamba siri ya rafiki ni amana. Hapo ndipo penye swali. Amana huwekwa ili imfae mwenyewe. Siri inayoweza kumwangamiza aliyeiweka imekwisha kutoka katika hukumu ya amana, na kumwambia kocha au mzazi si usaliti.

Atakuwapo wa kupinga: mwili ni wake, ushujaa ni wake, nani ana haki ya kumtoa? Hoja hii si nyepesi, kwani utu hauna thamani pasipo hiari. Lakini hiari husimama juu ya akili, na siku ile akili ndiyo iliyopigwa. Anayemtoa hamnyang'anyi hiari yake; humhifadhia mpaka aweze kuitumia tena.

Wajibu huu ni mzito zaidi kwa wachezaji wa ridhaa. Raga ya kulipwa ina madaktari kando ya uwanja; mechi ya shule au ya mtaa mara nyingi haina ila refa, kocha na wenzake. Ndiyo maana kanuni yao haingoji yakini: shaka yatosha. Anayeshukiwa hutoka na harudi siku hiyo, hata akijibu maswali yote sawasawa. Asiachwe peke yake, wala asiendeshe gari. Hupumzika siku moja au mbili, kisha huirudia shughuli yake hatua kwa hatua. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2023 kwa michezo ya ridhaa unakataza kurejea mashindanoni kabla ya siku 21. Mwenye kutolewa kwa makosa hupoteza mechi chache. Mwenye kuachwa kwa makosa huenda akapoteza kisichorudishwa.

Mwezi wa Machi 2018 bunge la jimbo la Ontario lilipitisha Sheria ya Rowan, inayolazimisha mchezaji anayeshukiwa atolewe, asirudi mpaka mtaalamu wa tiba aridhie. Sheria hiyo haimwiti mchezaji mwongo. Inamwondolea mzigo wa kuwa shahidi na hakimu wa kichwa chake, na kuwatwika wale wanaomtazama. “Sijambo” yake ipokewe kwa heshima, kama salamu ipokewavyo. Kisha ashikwe mkono, atolewe nje.