Alilia kweli, au alikuwa anatuonyesha mfano tu?



Swali hilo hapo juu sio langu. Ni la kijana mwenzetu wa huku Getanuwas, na alilitoa kwenye jumuiya siku tuliposoma Yohane sura ya 11, habari ya Lazaro. Sisi wengine tumezoea kusoma na kupita. Yeye hakupita. Akauliza: kama Yesu ni Mungu, na alijua kabisa kwamba muda mfupi baadaye Lazaro atatoka kaburini, yale machozi yalikuwa ya nini?

Wote tulijua swali limetoka wapi. Tarehe 3 Desemba 2023, Jumapili ya kwanza ya Majilio, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka mlima Hanang vikaipiga Katesh, Gendabi na vijiji vya jirani. Walikufa watu zaidi ya 80. Huku kwetu tope halikufika, lakini nani wa Hanang asiye na ndugu au rafiki Katesh? Yeye alimpoteza binamu yake. Msibani akaambiwa mambo mawili: jikaze, wewe ni mwanaume, halafu, Mkristo mwenye imani halii. (Mtakatifu Paulo hakusema hivyo, jamani. Aliwaambia Wathesalonike wasihuzunike kama watu wasio na tumaini, hakuwakataza kulia.) Basi hakulia. Alishika jembe, akasaidia kuchimba kaburi, akarudi nyumbani.

Niseme ukweli, wengi wetu tunamfikiria Yesu kama Mungu aliyevaa mwili jinsi mtu anavyovaa koti la mvua. Njaa yake, usingizi wake mashuani, machozi yake, yote tunayaona kama maigizo ya nje, na ndani yuko Mungu ambaye hakuguswa na chochote. Huo ni uzushi, na ni wa zamani sana. Yohane katika barua yake ya kwanza tayari anapambana na watu waliokataa kwamba Yesu Kristo amekuja katika mwili.

Wengine wanachanganya. Wanasema nusu Mungu, nusu mtu. Sisi wafugaji tunajua maziwa yaliyotiwa maji: sio maziwa tena, na wala sio maji ya kunywa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 464, inakataa wazi mchanganyiko wa namna hiyo. Yesu ni Mungu kweli na mtu kweli, hakupungukiwa upande wowote.

Na wapo wanaomgawa wawili, kama wachungaji wanaopokezana zamu ya ng'ombe. Yesu mtu analia kaburini, akimaliza anakaa pembeni, anaingia Yesu Mungu na kumwita Lazaro. Kwa haraka haraka inaonekana ni jibu zuri. Lakini ukilikubali, aliyelia na ndugu wa marehemu sio Mungu. Ni mtu mwema tu, na Mungu alikuwa anasubiri zamu yake.

Hapo ndipo Kanisa liliposimama imara. Mwaka 449 Papa Leo Mkuu alimwandikia Flaviano, askofu wa Konstantinopoli, barua ndefu kuhusu jambo hili, na mfano mmoja alioutumia ni huu huu wa Lazaro: kumlilia rafiki aliyekufa ni kazi ya ubinadamu, kumfufua kwa neno ni kazi ya umungu. Asili mbili, lakini mwenye kuzitenda ni mmoja. Miaka miwili baadaye, 451, barua hiyo ilisomwa kwenye Mtaguso wa Kalsedonia, mji ambao leo ni sehemu ya Istanbul, Uturuki. Maaskofu wakakiri Nafsi moja katika asili mbili, bila kuchanganyika, bila kubadilika, bila kugawanyika, bila kutengana.

Ni maneno magumu, najua. Ila yaweke pale kaburini Bethania uone yanavyofanya kazi. Koo lililobanwa na kilio ndilo lililopaza sauti na kumwita Lazaro atoke. Aliyelia ni Mwana wa Mungu mwenyewe. Sio mwakilishi wake. Na kujua kwamba atamfufua hakukuyafanya machozi yawe ya uongo, kwa sababu Maria alikuwa analia mbele yake wakati ule ule, na rafiki yake alikuwa amelala kaburini siku ya nne. Mtu akimpenda mtu, anaumia. Mtakatifu Gregori wa Nazianzo alifundisha kwamba kile ambacho Kristo hakukitwaa, hicho hakikuponywa. Basi kama hakuutwaa uchungu wetu wa msiba, uchungu huo ungebaki nje ya wokovu.

Mwenzetu alisikiliza, kisha akauliza la pili, na hili lilituumiza zaidi. Mbona alichelewa? Yohane anaandika kwamba Yesu alipopata habari za ugonjwa alikaa siku mbili zaidi pale alipokuwa. Marta na Maria, kila mmoja kwa wakati wake, walimwambia usoni kwamba angekuwepo ndugu yao asingekufa. Sikuwa na jibu la kwa nini mlima ulishuka asubuhi ile, na sikujaribu kulitunga. Nilimwonyesha tu kwamba Yesu hakuwakemea wale dada. Lalamiko lao liliingia katika Injili, na bado linasomwa kanisani.

Jambo moja tunalisahau: ubinadamu wake hakuuvua alipopaa. Tomaso alionyeshwa makovu baada ya ufufuko, na mwili huo wenye makovu ndio ulio mbinguni sasa hivi. Ukisali usiku huu, anayekusikiliza anajua kwa moyo wa kibinadamu kabisa maana ya kusimama kaburini kwa mtu uliyempenda.

Kwenye misa ya kumwombea binamu yake, mwenzetu aliomba asome somo la kwanza. Alisoma vizuri. Injili ikawa ile ile ya Lazaro. Padre alipofika pale Yesu anapolia, kijana wetu aliinama kwenye benchi akalia kwa sauti, na mama yake akamwekea mkono mgongoni, hakumwambia anyamaze.