MGONJWA NAYE AULIZWE

Somo: 2 Wafalme 20:1-7, Yohana 19:26-27



Mfalme Hezekia alipougua sana, Mungu alimtuma nabii Isaya. Angalieni nabii aliingia wapi. Hakuwaita wajomba pembeni. Alikwenda kwa mgonjwa mwenyewe, akamweleza wazi kwamba kifo kiko karibu, apange mambo ya nyumba yake. Hezekia akageukia ukuta, akalia, akaomba kwa kinywa chake. Mungu akamwongezea miaka 15. Na Isaya huyohuyo akaagiza tini ziwekwe juu ya jipu. Ukweli, maombi na dawa viliingia chumba kimoja.

Sisi hapa Lulimba tunafanyaje? Mgonjwa amelala ndani, wababa na wamama wamekaa nje: Apelekwe Baraka ao abaki? Shamba liuzwe? Aitwe nabii? Wote wanasema, isipokuwa mwenye mwili. Hata muuguzi tunamkataza asimwambie. Kisha mtu anafia njiani juu ya pikipiki, na neno lake juu ya madeni na watoto linazikwa pamoja naye.

Wengine husema kutaja kifo ni kukiita. Isaya alikitaja, na Hezekia akaishi! Naye Bwana Yesu, akiwa katika maumivu ya msalaba, alisema mwenyewe mama yake atakaa kwa nani.

Basi tufanye hivi:

1. Tumwulize mgonjwa anataka kujua nini juu ya ugonjwa wake. Akisema, "Kaka yangu aamue," hilo nalo ni jibu.

2. Tumwulize anaogopa nini, anataka kulala wapi, na nani aseme kwa ajili yake siku atakaposhindwa kusema.

3. Tumtafutie dawa ya maumivu bila haya. Kwa jirani zetu wa Uganda, shirika la Hospice Africa Uganda limewapa wagonjwa wa namna hii morfini ya kunywa tangu 1993, hata nyumbani kwao. Kutuliza maumivu si kukosa imani.

4. Mwenye maono asimkataze mgonjwa dawa, wala asimzibe kinywa.

Wapendwa, juma hili ukienda kumtembelea mgonjwa, kabla ya kumwekea mikono, keti. Mwulize. Nyamaza umsikilize. Ndipo uombe, ukijua unamwombea nini.

Bwana awabariki. Amina.