Wasiorudi Kushukuru

Kuna swali ambalo kijana yeyote mwenye ushago ameshaulizwa, hata kama si kwa maneno: wewe unaamini dawa ya miti ama ya hospitali? Ni mtego. Ukijibu miti, mabeshte wa Nairobi wanakuona mshamba. Ukijibu hospitali, wazee wanasema umesahau ulikotoka. Mimi naona swali lenyewe ndilo bovu, na Magunga ni mahali pazuri pa kuonyesha kwa nini.

Magunga iko Suba Kusini, kaunti ya Homa Bay, karibu na milima ya Gwassi, na Ziwa Victoria haliko mbali. Malaria huko haina likizo. Kijaluo kinachozungumzwa pale kina neno moja, *yath*, ambalo ni mti na pia ni dawa. Ukilisikiliza vizuri, huu ugomvi wetu wa mti na kidonge unaanza kuchekesha.

Chukua dawa ya malaria unayopewa kwa zahanati, ile tunaiita AL. Kila kidonge cha kawaida kina vitu viwili: miligramu 20 za artemeta na miligramu 120 za lumefantrini. Artemeta inatokana na mmea, Artemisia annua, ambao Wachina waliuandika kama dawa ya homa zaidi ya miaka 1,600 iliyopita. Tu Youyou na wenzake walitoa kiini chake mwaka 1972, na mwaka 2015 mama huyo akapewa Tuzo ya Nobel. Lumefantrini nayo ni ya maabara tu, haina mti nyuma yake. Kwa hivyo msee anayeapa hagusi mitishamba ashaimeza, na nyanya anayeogopa kemikali akimeza AL anameza jani pia.

Basi kama asili ya dawa haitenganishi nzuri na mbaya, nini kinazitenganisha? Jibu langu ni fupi: kuwahesabu ambao hawakupona.

Fikiria nyamrerwa, mama anayejua mizizi na majani ya kijiji chake. Watu kumi wanamjia na homa. Saba wanarudi wakiwa wazima, wengine na kuku mkononi. Watatu hawarudi. Mmoja alikimbizwa hospitali usiku, mwingine alihamia kwa mwanawe Rongo, wa tatu alizikwa. Nyamrerwa akisema dawa yake inaponya, si mwongo. Anasema alichokiona. Shida ni kwamba maiti hairudi kulalamika.

Na wale saba je? Mtu mzima aliyekulia kando ya ziwa ameumwa na mbu wa malaria tangu utotoni, na mwili wake umejifunza kuipunguza makali. Homa nyingine ingeshuka hata angekunywa maji ya mchele. Labda mzizi ulisaidia, labda haukusaidia. Bila daftari, hakuna anayejua.

Hapa ndipo hadithi inakugusa wewe uliyezaliwa Umoja au Pipeline. Ukishuka Magunga Desemba, mwili wako hauna hiyo kinga. Mbele ya mbu wa pale, wewe ni kama mtoto mdogo. Dawa ambayo nyanya yako ameitegemea miaka 40 anaweza kukupa kwa upendo wote, na ukafa. Upendo wake utakuwa wa kweli, na kifo chako pia. Ndiyo maana naliita jambo hili la maadili, si la sayansi peke yake: mtu mwema kabisa anaweza kudhuru kwa sababu tu hakuweka hesabu.

Lakini usidhani koti jeupe linamwokoa mtu na kosa hilo. Mwaka 1990, enzi ya Moi, Kenya ilitangaza Kemron, dawa ya Ukimwi iliyotoka KEMRI, na shangwe ikawa kubwa. Majaribio yaliyofuata kwingine hayakuona faida yake. Katikati ya miaka hiyo ya 1990 ikaja Pearl Omega, hii ya mitishamba, na watu wakaikimbilia vilevile. Nayo haikuponya. Moja ilitoka maabara, nyingine kwenye mimea. Zote mbili zilitangulizwa na habari za waliopata nafuu, kabla ya hesabu ya waliokufa.

Sasa linganisha na kilichotokea jirani ya Magunga, bonde la Lambwe, ilipo mbuga ya Ruma. Kwa miaka mingi mbung'o wa bonde hilo walieneza malale. Ugonjwa ukishafika kwenye ubongo, dawa ilikuwa melasoprolo, iliyotengenezwa kwa aseniki, yaani sumu. Ilichomwa kwenye mshipa, na takriban mgonjwa mmoja kati ya 20 aliuawa na dawa yenyewe. Tunajua hivyo kwa sababu madaktari waliandika watu ambao tiba yao iliwaua. Ni jambo gumu kuliandika. Lakini ndilo lililofanya wengine wakatae kuridhika, watafute dawa nyingine.

Na hiyo nyingine ilikuwa wapi? Kabatini. Feksinidazoli, dawa ya maabara ya kumeza, iliachwa miaka ya 1980 kampuni iliyokuwa nayo ilipoacha utafiti wa magonjwa ya kitropiki. Shirika la DNDi liliifufua kuanzia 2005, na ilipofika zamu ya malale ya Afrika Mashariki, ilijaribiwa Malawi na Uganda. Kwa hivyo kuna njia ya pili ya kutohesabu watu: kuwajua vizuri kabisa, kisha kuona hawana pesa. Nyamrerwa angalau anakaa kijijini. Dawa yake ikishindwa, atakutana na mama wa marehemu sokoni. Walioiacha feksinidazoli hawakuwa na soko la kukutana na mtu.

Dawa mpya tunazihitaji, na haraka. Klorokwini ilishindwa hadi Kenya ikaiacha kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 1998. Sasa Uganda na Rwanda kumethibitishwa vimelea vinavyoanza kuizoea hata artemisini. Dawa itakayofuata huenda ikatoka kwa mashine, huenda ikatoka kwa mzizi wa Gwassi. Lakini nyamrerwa akiombwa huo mzizi, ana haki ya kuuliza: nikiwapa mkapime, mtarudi?

Ni swali la haki. Profesa John Kokwaro aliandika kitabu kizima cha mimea ya tiba ya Afrika Mashariki, kilichotoka 1976, na maarifa mengi ya aina hiyo yalikuwa vichwani mwa watu kama huyu mama. Mwaka 2016 Kenya ikapitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi. Lakini sheria haina miguu. Mtafiti anayechukua mzizi, akachukua na damu, akaandika makala yake na asirudi hata kusema "mama, haikufanya kazi", naye ni wale wale wasiorudi kushukuru.

Kupima dawa ya nyanya si kumdharau. Kuicheka bila kuipima ni dharau. Kuisifu bila kuipima ni dharau pia, ila hii imevaa shanga. Kote kuwili unamwambia kwamba anachokijua hakina uzito wa kuulizwa swali gumu.

Kwa hivyo homa ikikushika ushago, nenda upimwe, na ikiwa ni malaria umalize vidonge vyote 24, hata ukijiskia fiti siku ya pili. Halafu ukae na nyanya, umuulize kuhusu mizizi yake. Atakuambia waliopona, hao anawakumbuka kwa majina. Msikilize mpaka mwisho. Kisha muulize, kwa adabu, kuhusu wale ambao haikuwasaidia. Atanyamaza kidogo. Subiri, kalamu iwe mkononi.