Hewa ni ya Nani?

Msomaji wangu, gari ni mali ya mwenyewe, na mwenye mali huambiwa aitumie apendavyo. Nami niliamini hivyo mpaka siku kiyoyozi cha gari langu kuukuu kilipoharibika katika joto la Voi, nikiwa safarini kurudi kwetu Mbololo. Kompresa ilikwama, mkanda ukapiga yowe, nikalazimika kusimama.

Fundi alilitazama, akasema, "Mwalimu, kukitengeneza kutakula mshahara wako. Afadhali tukitoe. Nitakata mabomba haya, gesi itoke, nikufungie mkanda mfupi. Hata saa moja haitapita." Mabomba angeyauza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, nami ningepunguziwa ujira.

Hapo palikuwa na maswali mawili, nami nakusihi usiyachanganye. La kwanza: je, nakihitaji kiyoyozi? Jibu lake lilikuwa langu peke yangu. Uwanda wa Voi una joto kali, lakini safari zangu ni fupi, na nikianza kupanda mlima upepo wa dirishani hunitosha. Bei ya kompresa nyingine ilikuwa sawa na karo ya mdogo wangu. Kuacha raha ili kutimiza wajibu si aibu, nikakubali kitolewe.

La pili: je, gesi iliyomo ndani ni yangu kuitupa? Hili halikuwa langu peke yangu.

Zamani viyoyozi vya magari vilitumia gesi iitwayo R-12. Mwaka 1974 wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland walionya kwamba gesi za jamii hiyo huharibu ozoni, tabaka la juu litukingalo na miali mikali ya jua. Mwaka 1987 mataifa yalipatana huko Montreal kuzipunguza, na baadaye zikaachwa. Mahali pa R-12 ikaja R-134a, ndiyo iliyokuwa garini mwangu. Hii haili ozoni. Lakini kilo moja yake, kwa muda wa miaka 100, huongeza joto la dunia zaidi ya mara elfu moja kuliko kilo moja ya hewa ya ukaa. Kwa hiyo mwaka 2016 mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, yakaafikiana kupunguza gesi za namna hiyo pia.

Utasema, gesi ya gari dogo haifiki hata kilo moja, itamdhuru nani? Hoja hiyo ni tamu, na utamu wake ndio hatari yake, kwa kuwa kila mwenye gari aweza kuisema. Juu yetu uko msitu wa Mbololo, unaonyweshwa na ukungu. Ndani yake yumo ndege mwenye mdomo wa rangi ya chungwa, asiyepatikana duniani ila katika misitu michache ya milima ya Taita. Yeye hana gari, wala hakuonja ubaridi wa kiyoyozi changu. Wahenga walisema mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Mwiba huu lakini hatujidungi wenyewe. Twautupa njiani, akanyage apitaye nyuma yetu.

Basi nikamwomba fundi afunge mkanda mfupi tu, mabomba ayaache. Siku nyingine nikalipeleka gari kwa fundi mwenye mashine ya kuvuta gesi na kuitia katika mtungi, ndipo vyombo vikafunguliwa. Nililipa fedha ambazo ningeweza kubaki nazo, na fundi wa kwanza aliposikia alicheka: "Mwalimu analipia hewa!"

Alisema kweli. Nawe kesho, ukiwa fundi au mwenye gari, utasimama mahali kama pale, pasipo askari wala shahidi. Tengeneza ukiweza, ondoa ukipenda. Hiyo ni haki yako. Ila kabla hujakata bomba, kumbuka kwamba gari lina mwenyewe mmoja, na hewa ina wenyewe wengi.