Ukweli wa Picha ya Mfalme

Mwaka 1773 mchongaji picha wa Kiingereza, Joseph Strutt, alitoa kitabu cha picha za wafalme wa nchi yake, kuanzia karne ya 11 hadi Henry wa Nane. Hakuzibuni. Alizinakili kutoka katika miswada ya kale iliyopambwa kwa rangi na dhahabu, akazichonga upya juu ya mabamba ya shaba zipate kupigwa chapa. Kazi hiyo yastahili sifa, kwani miswada yenyewe ilionwa na watu wachache mno.

Walakini yafaa tujiulize: je, mwenye kunakili kwa uaminifu amekwisha kusema kweli?

Tuitazame picha nyingine ya miswada hiyo, ambayo vitabu vya historia vimeichapa mara nyingi. Yaonyesha kifo cha Wat Tyler, kiongozi wa wakulima walioasi mwaka 1381 kwa sababu ya kodi ya kichwa, jina ambalo wazee wetu hawahitaji kufasiriwa. Meya wa London ameinua upanga. Mfalme Richard wa Pili, kijana wa miaka 14, yumo mara mbili katika picha hiyo hiyo: hapa anatazama, pale anawahutubia waasi kwa utulivu. Nao waasi wamevaa mavazi ya chuma yanayong'aa, kana kwamba mtwana wa shambani aliweza kununua vazi la vita la kabaila! Picha ilichorwa Flanders, karibu miaka 100 baada ya tukio, katika kitabu cha anasa ambacho mkulima asingekigusa.

Fundi yule hatumlaumu sana. Alichora kama desturi ya kazi yake ilivyotaka. Lawama twaiweka kwa mchapaji wa leo anayeitoa picha hiyo bila neno, msomaji akadhani amepata shahidi wa macho. Hatumtaki awavue wakulima chuma, maana huko ni kuongeza uwongo wa pili. Twamtaka aandike chini yake ni nani aliyeilipia, ilichorwa wapi na lini. Tena aandike kwamba tarehe 14 Juni mfalme huyo mtulivu aliwaahidi wakulima hati za kuwaondolea utwana, na tarehe 2 Julai akazifuta.