Kahawa Iliyouzwa Ingali Mbichi

Somo: Nehemia 5:1–13





Siku za Nehemia palikuwa na kilio kikubwa katika Yerusalemu. Watu walikuwa wakiujenga ukuta wa mji, nao adui walikuwa nje wakiwatisha. Lakini kilio hiki hakikuwa juu ya adui. Wakulima na wake zao waliwalilia ndugu zao wenyewe. Walisema ya kuwa wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili wapate nafaka wakati wa njaa. Wengine wamekopa fedha kwa ajili ya kodi ya mfalme. Na sasa watoto wao wanatiwa utumwani, wala hawana uwezo wa kuwakomboa, maana mashamba yao yamekwisha kuwa mali ya wengine.

Sisi tulio Liparamba, karibu na mpaka wa Msumbiji, hatuna haja ya kwenda Yerusalemu ili kusikia kilio hiki. Katika milima ya Umatengo jambo hili lina jina lake, huitwa magoma. Huko Bukoba huitwa butura, na kwa wakulima wa korosho wa kusini huitwa kangomba. Majina ni mengi, kazi ni moja. Wakati wa masika ghala ni tupu, mahindi mapya hayajakomaa, mtoto hana sare ya shule, na mgonjwa lazima apelekwe hospitali. Ndipo anakuja mwenye fedha, naye hununua kahawa ingali mbichi mtini, kwa bei aipendayo yeye.

Tufanye hesabu kwa mfano. Tuseme mwezi wa Februari mkulima amepewa shilingi 1,500 kwa kila kilo, kwa kilo 100. Amepokea shilingi 150,000. Kahawa ikiisha kuvunwa, bei mnadani ikafika shilingi 5,000, basi ametoa mali ya shilingi 500,000. Jasho lake la shilingi 350,000 limekwenda kwa mtu asiyeshika jembe. Tena mwaka ujao ghala litakuwa tupu vile vile, naye atarudi kwa mtu yule yule. Mithali 22:7 inatufundisha ya kuwa mwenye kukopa huwa mtumwa wake akopeshaye, nasi tumeliona neno hili kwa macho yetu.

Wazee wa Umatengo walikuwa na sengu. Watu wa ukoo walikula pamoja kwa babu, na hapo waliamua mashauri yao. Shida ya mmoja haikufichwa. Kahawa iliingia katika milima ile katika miaka ya 1920, ikaleta fedha na nyumba za bati. Baadaye chama kikuu cha ushirika cha Mbinga kiliwakopesha wakulima mbolea na dawa, lakini kilipoanguka katika miaka ya 1990 wengi walikosa mahali pa kukopa kwa haki. Mwaka 2018 serikali iliagiza kahawa ipite katika vyama vya ushirika, nayo ilifanya vema. Lakini patano la magoma hufanywa gizani, na amri ya serikali haiingii katika kila nyumba.

Basi, mwenye magoma ni nani? Laiti angekuwa mgeni! Mara nyingi ni jirani, tena pengine amebatizwa, huketi mbele kanisani, na sikukuu ya mavuno huleta gunia zima madhabahuni. Gunia lile ni la nani? Je, Mungu hajui ni nani aliyelipalilia?

Nehemia alikasirika sana, akawakemea wakuu mbele ya mkutano, nao wakanyamaza, hawakuwa na la kujibu. Lakini tazameni: hakujitenga nao. Alikiri ya kuwa yeye na ndugu zake na watumishi wake nao walikuwa wamewakopesha watu fedha na nafaka, kisha akasema, na tuiache riba hii sisi sote. Nasi wachungaji na wainjilisti tujihesabu pamoja naye. Je, hatujanunua debe la mahindi kwa mjane kwa bei ya njaa, tukaita msaada? Je, hatukunyamaza kwa sababu mwenye magoma ndiye aliyetoa bati za kanisa? Mwaka 1540 Martin Luther aliwaandikia wachungaji akiwaagiza waihubiri dhambi ya riba waziwazi. Sisi tunaoitwa kwa jina lake tumeihubiri mara ngapi?

Na wewe mkopaji, usijione safi upesi. Wako wakopao kwa ajili ya pombe na fahari ya arusi. Wako wanaouza kahawa ile ile kwa watu wawili. Huko nako ni kuivunja amri ya saba.

Basi tufanye nini? Mwenye kukopesha arudishe alichozidisha, kama Nehemia alivyowaagiza kurudisha siku ile ile. Mume na mke wakae pamoja wakati wa mavuno, wahesabu chakula na sare kabla fedha hazijapotea. Na kila usharika uanze kikundi cha kuweka na kukopa, hata kama ni watu kumi tu, ili muumini mwenye mgonjwa apate mahali pa kubisha hodi. Tukimkataza mtu magoma wala tusimpe mlango mwingine, tumemtwisha mzigo ambao sisi wenyewe hatuugusi kwa kidole.

Tukumbuke pia ya kuwa sisi sote tulikuwa wadeni. Bwana Yesu aliichukua hati ya deni letu, akaigongomea msalabani (Wakolosai 2:14), wala hakudai faida juu yake. Mtu aliyesamehewa hivyo atawezaje kumshika ndugu yake koo kwa ajili ya kilo za kahawa?

Mwisho Nehemia alikung'uta nguo yake mbele ya watu, kuwa ishara ya jinsi Mungu atakavyomkung'uta kila asiyelitimiza neno hili. Mkutano wote ukasema, Amina. Kisha wakafanya kama walivyoahidi. Ndugu zetu, Amina yetu ya Jumapili na ionekane siku kahawa inapopimwa.

Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo iwe nanyi. Amin.