Mkono Uliobebwa



Hivi karibuni nilimaliza mafunzo ya kupiga picha. Yalikuwa ya wanaoanza kabisa: Jumamosi 6, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana, katika ukumbi mmoja pale Moshi mjini. Tulikuwa watu 11. Wengi walikuwa vijana wanaotafuta riziki kwenye harusi na sendofu, tena alikuwepo dada mmoja anayeuza nguo mtandaoni, fundi seremala aliyetaka wateja wayaone makabati yake vizuri, na mimi. Sababu ya mimi kwenda mnaijua. Baraza la wazee liliona kwamba walioujenga usharika huu wanaondoka mmoja mmoja, na wengi wao tunawazika bila kuwa na picha yao ila ile ya kadi ya mpiga kura, iliyokuzwa mpaka sura imegeuka ukungu. Ikanunuliwa kamera ya mtumba, nikatumwa nikajifunze kuitumia.

Nilidhani nakwenda kujifunza mashine.

Mwalimu wetu ni mama ambaye amepiga picha za harusi kwa zaidi ya miaka 20. Siku ya kwanza alitunyima zumu. Alitugawia lenzi za milimita 50, zile zisizovuta, akasema ukitaka sura ya mtu ijae kwenye fremu, inuka uende aliko. "Zumu yenu ni miguu," alisema, akaenda zake kunywa chai akituacha tupigane picha. Aliporudi aliziangalia picha zangu kwenye kioo cha nyuma cha kamera. Zote zilikuwa za watu wadogowadogo, nafasi tupu imejaa juu ya vichwa vyao. Hakunikosoa. Aliuliza tu, "Mchungaji, mbona kila picha umesimama mbali hivi?" Sikuwa na jibu. Nilipofika nyumbani nikatambua kwamba ule ndio umbali wa madhabahuni hadi benchi la kwanza. Nimeuzoea, hata nikiwa sina joho.

Habari za tundu la lenzi na kasi ya shata sitawachosha nazo. Vijana wetu wa mitambo wanazijua kuliko mimi. Lakini lipo jambo la wiki ya pili ambalo sikuweza kulipita.

Nilikuwa nimepeleka picha za kwaya ya akina mama. Majoho yao mnayajua: yanapigwa pasi Jumamosi jioni, na bluu ya kufulia haikosekani. Kwenye picha yalikuwa ya kijivu, kama yaliyofuliwa kwa maji ya mto wa masika. Nikamwambia mwalimu kwamba kamera tuliyouziwa ni mbovu. Akasema kamera ni nzima. Ndani yake kuna kipimo cha mwanga, na kipimo hicho kimetengenezwa kwa dhana moja: kwamba chochote kilichoko mbele yake, ukichanganya cheupe na cheusi, kinarudisha mwanga wa wastani, kama asilimia 18 hivi. Ukikielekeza kwenye joho jeupe kinasema mwanga umezidi, kinapunguza, na joho linakuwa kijivu. Ukikielekeza kwenye suti nyeusi ya bwana harusi kinasema hapa pana giza, kinaongeza, na suti nayo inakuwa kijivu. Kamera haikusudii kudanganya. Inaamini tu kwamba dunia nzima ni ya kijivu, na aliyeishika asipoingilia kati, kila kitu kitalazimishwa kifanane na imani hiyo. Ndiyo maana kuna kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Mbele ya joho jeupe unaongeza hatua moja, au moja na nusu, na weupe unarudi.

Kumbe kipimo kina mtu aliyekipanga. Mwalimu alitueleza jambo ambalo wazee wenzangu waliokua enzi za filamu watalielewa mara moja. Kuanzia miaka ya 1950 kampuni ya Kodak ilizigawia maabara za kusafisha picha kadi ya mfano yenye picha ya mwanamke wa Kizungu. Kadi hizo zikaitwa Shirley, kwa jina la mwanamke wa kwanza aliyepigwa picha kwa kazi hiyo. Fundi wa maabara alirekebisha rangi mpaka ngozi ya Shirley ionekane sawasawa, na hapo kazi ikahesabika imekamilika. Wengine wote tulisafishwa kwa ngozi yake. Mnazikumbuka picha zetu za shuleni, ambamo mtoto mweusi hakuonekana kitu ila meno na macho? Tulichekana sana kwa picha zile, na yule aliyechekwa zaidi alikwenda nyumbani akiamini kosa liko usoni pake. Ilichukua miongo kadhaa kabla kadi zenye watu wa rangi mbalimbali hazijatengenezwa.

Nilirudi nyumbani siku ile nikivihesabu vipimo ninavyotembea navyo mimi. Kijana mwenye rasta akiingia ofisini kwangu, kipimo kimeshasoma kabla hajaketi. Mama anayecheka kila Jumapili nimeshamwandika moyoni kuwa hana shida. Baba anayechelewa ibada nimemweka kundi la wazembe, na sijawahi kumuuliza anatokea wapi alfajiri. Nimekuwa nikiwapima wote kwa asilimia 18.

Wiki ya nne niliwasimamisha wazee watatu nje ya kanisa, chini ya mgrevilea ule mkubwa. Picha ilipofunguliwa kwenye kompyuta, mgrevilea ulionekana jani kwa jani, hata sisimizi kwenye gome wangehesabika. Wazee walikuwa ukungu mtupu. Fokasi ilikuwa imekamata mti wa nyuma. Vijana walinyamaza kwa heshima, nami nikakumbuka somo ambalo nimelihubiri mara nyingi bila kulielewa, lile la kipofu wa Bethsaida katika Marko 8. Marko peke yake ndiye anayelisimulia. Yesu anamshika mkono yule mtu, anamtoa nje ya kijiji, anamgusa, kisha anamuuliza kama anaona kitu. Naye anajibu kwamba anaona watu, ila wako kama miti, wanatembea. Yesu anamgusa tena, ndipo anaona kila kitu waziwazi.

Wahubiri huwa tunapata taabu na mguso ule wa pili, kana kwamba wa kwanza ulishindwa, na tunatafuta namna ya kumtetea Bwana. Sasa namwangalia zaidi yule mtu. Angeweza kusema nimepona, asante. Alikuwa ametoka gizani, na kuona chochote tu kilikuwa muujiza. Hata hivyo alikiri kwamba anachokiona bado si watu. Mimi nimekuwa mchungaji wenu kwa miaka 11, nikiona umbo la watu likiingia na kutoka mlangoni, nikihesabu mahudhurio, nikisaini vyeti. Sijawahi kumwambia Bwana kwamba nawaona kama miti.

Niliyopanga kuwaambia hasa ni ya wiki ya tano.

Kazi ya nyumbani ilikuwa kumpiga picha mtu mmoja, kwa ruhusa yake, kutoka mita moja na nusu, mara 20, bila kumwambia akae vipi. Nilimchagua bibi mmoja wa usharika huu. Ameniruhusu kuyasimulia haya, ila jina nisilitaje. Baada ya ibada nilimkuta barazani, upande wa kivuli, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa mkono kama anavyonipa siku zote: wa kulia mbele, wa kushoto umeushika chini ya kiwiko. Ndivyo tulivyofundwa kumpa mkono mtu tunayemheshimu. Nimekuwa nikiipokea heshima ile kila Jumapili na kuisifu. Nilishawahi hata kuwaambia vijana wa kipaimara wamtazame bibi huyu, mtu wa umri wake, jinsi anavyosalimia.

Nilipiga picha 20. Jioni nikazifungua kwenye kompyuta ya ofisi, moja baada ya nyingine, nikizikuza kama tulivyofundishwa ili nione kama fokasi imekaa machoni. Imekaa. Nikashuka chini, kwenye mikono. Katika picha ya saba mkono wa kushoto umeushika wa kulia chini ya kiwiko, na vidole vya kushoto vimezama kwenye kitambaa cha gauni, vimekaza. Anayeonyesha heshima hashiki hivyo. Hugusa tu. Katika picha ya nane anarekebisha kanga begani, kwa mkono wa kushoto. Katika ya tisa mkono wa kulia umelala pajani, vidole vimejikunja kidogo, na uko hivyohivyo katika ya kumi, ya kumi na moja, hadi ya ishirini. Mkono ule haukuinuka wenyewe hata mara moja. Kila ulipokuwa juu, ulikuwa umebebwa.

Jumatatu asubuhi nilikwenda kwake. Alikuwa jikoni, na jambo la kwanza nililoliona mlangoni ni madumu ya lita 5, matatu, pale ambapo zamani palikaa ndoo ya lita 20. Niliketi. Nilimuuliza habari za mkono. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema ugonjwa ulimkuta shambani, msimu wa kahawa, mwaka juzi. Mdomo ulikwenda upande na mkono ukafa ganzi. Mdomo ulirudi baada ya siku chache, mkono haukurudi. Bibi alimwambia binti yake wa Dar es Salaam kwa simu kwamba ameteleza tu. "Nilijua Mchungaji una kazi nyingi, mwanangu," aliniambia.

Miaka miwili, wapendwa. Kwa miaka miwili niliupokea ugonjwa wake kama adabu.

Sasa anakwenda hospitali kila Jumanne kwa mazoezi ya viungo. Wanamsindikiza akina mama wa jumuiya yake kwa zamu, na shinikizo la damu, ambalo halikuwahi kupimwa, linapimwa. Mtaalamu ametuambia wazi kwamba tumechelewa, na kwamba nguvu nyingi zaidi zingerudi kama angeanza miezi ile ya mwanzo. Kidole gumba kimeanza kufunga. Wiki iliyopita alishika kikombe cha chai, kikiwa nusu.

Katika kipindi cha mwisho mwalimu alituonyesha picha ya zamani sana, iliyopigwa mwaka 1838 na Mfaransa Louis Daguerre kutoka dirishani kwake, mjini Paris. Inaonyesha barabara pana yenye miti, ile Boulevard du Temple. Ilikuwa barabara yenye pilikapilika, ya magari ya farasi na wapita njia, lakini kwenye picha ni tupu. Vifaa vya wakati ule vilihitaji dakika kadhaa kuikusanya picha moja, na kila aliyepita akitembea hakuacha alama. Amebaki mtu mmoja, pembeni, mguu ameunyanyua, viatu vyake vinapigwa rangi. Huenda ndiye mwanadamu wa kwanza kuonekana katika picha ya kamera. Ameonekana kwa sababu alisimama.

Nikakumbuka kwamba Marko, baada ya yule kipofu wa Bethsaida, anaweka sura mbili za wanafunzi wasioelewa wanachokiona, kisha anamleta kipofu mwingine, Bartimayo, katika sura ya 10. Umati unakwenda Yerusalemu na unamtaka anyamaze. Marko anaandika kwamba Yesu alisimama. Alikuwa anakwenda kufa msalabani, hakuna msafara wenye jambo kubwa kuliko lile, naye akasimama barabarani kwa ajili ya mtu mmoja anayepiga kelele. Baada ya kusimama alimwita, na baada ya kumwita alimuuliza anataka nini. Mimi nilikuwa na jibu tayari kabla ya kuuliza, na lilikuwa jibu zuri la kuwahubiria vijana.

Nawaomba jambo moja wiki hii. Yupo mtu mnayeketi naye benchi moja kila Jumapili. Msogeleeni baada ya ibada, mkae naye zaidi ya salamu, mumwangalie mikono, miguu, macho. Kama amebadilika, muulizeni. Kama hataki kusema leo, rudini kesho. Wazee wa mitaa, orodha ya wagonjwa mliyonipa mwezi uliopita ina majina 14, nami siamini tena kwamba ndiyo yote. Naomba iandikwe upya kwa kupita nyumba kwa nyumba, nami nitapita nanyi.

Kazi ya kuwapiga picha wazee wetu tunaianza Jumapili ijayo, barazani, upande wa mashariki, saa moja asubuhi kabla ya ibada ya kwanza, jua likiwa bado laini. Jua la saa sita hutia macho kivuli, na picha inatoka kama ya mtu asiye na macho. Kila mzee aje na mtu mmoja wa nyumbani kwake. Hatutakuwa na haraka. Tumepanga wazee wanne tu kwa Jumapili moja. Bibi yule amekubali kuwa wa kwanza.